Albert Ballin na Meza ya Merikebu

Katika mji wa Hamburg, bandari kubwa kuliko zote za Ujerumani, pana barabara nzuri kando ya ziwa la Alster iitwayo Ballindamm. Wapitao hapo kwa shughuli zao ni wengi, na si ajabu kuwa wengi wao hawana habari na mwenye jina. Alikuwa mtoto wa kumi na tatu wa mzee mmoja wa Kiyahudi, akazaliwa jirani na gati, akakua, akaja kuwa mkuu wa kampuni ya meli iliyokuwa kubwa kuliko zote ulimwenguni. Huyo ndiye Albert Ballin. Safari hizi za meli za starehe, ambazo abiria hapandi ili afike mahali bali hupanda ili akae, ale, atembezwe kisha arudishwe alikotoka, Waingereza walikuwa wamezigusagusa kabla yake, lakini yeye ndiye aliyezifanya zikawa biashara yenye kanuni na desturi.

Tutamsimulia leo kwa upande mmoja hasa, nao ni upande wa meza. Siku hizi wapenzi wa safari hizo wananung'unika kwamba meza ya merikebu imepoteza adabu zake. Saa moja ya chakula kwa watu wote, mavazi ya heshima, karamu ya nahodha, na zile jioni za kitaifa ambapo meli ya Kiholanzi ilijipamba Kiholanzi na ya Kitaliano ikajipamba Kitaliano, yote hayo yamepungua, na pengine hayapo tena. Ukifuatilia chanzo chake utamkuta Ballin pande zote mbili. Ndiye aliyeitandika meza ile, na ndiye wa mwanzo kuigawa.

Alizaliwa tarehe 15 Agosti 1857. Baba yake, Samuel Ballin, alikuwa mtu wa asili ya Denmark, na alikuwa na ofisi ndogo ya uwakala, Morris & Co., iliyokuwa ikiuza tikiti kwa maskini wa Ulaya waliotaka kuhamia Marekani. Mwaka 1874 mzee akafariki, na kijana Albert, umri wake miaka 17 tu, akajikuta amekabidhiwa kazi ambayo haikuwa na faida kubwa. Hakuwa na elimu ya kutajika. Alichokuwa nacho ni macho. Alikuwa akiwaona wahajiri wakipita mlangoni pake na mabunda yao, akajua wanachokiogopa, wanachokitamani na wanachoweza kulipa.

Mwaka 1881 aliafikiana na mwenye meli mmoja wa Hamburg, Edward Carr, wawachukue wahajiri moja kwa moja hadi New York badala ya kuwapitisha Uingereza. Meli za Carr zilikuwa za mizigo, hazina daraja la kwanza wala la pili, na kwa sababu hiyo abiria maskini waliachiwa sitaha nzima watembee na wapunge upepo. Nauli ikawa rahisi, watu wakamiminika. Ile kampuni kubwa ya mji, Hamburg-Amerika Linie, ijulikanayo kwa ufupi HAPAG, ikaona inanyang'anywa wateja na kijana wa ofisi ndogo. Walishindana kwa kupunguza nauli mpaka ikawauma wote. Hatimaye, mwaka 1886, HAPAG ikafanya walichofanya wenye busara tangu zamani: ilimwajiri adui yake. Akapewa idara ya abiria. Mwaka 1888 akaingia katika halmashauri ya wakurugenzi, na mwaka 1899 akawa mkurugenzi mkuu.

Sasa tuje kwenye safari yenyewe. HAPAG ilikuwa imejenga meli mpya za mwendo wa kasi, ya kwanza yao Augusta Victoria, iliyoanza kazi mwaka 1889. Wakati wa kiangazi zilijaa. Wakati wa baridi, Bahari ya Atlantiki ya kaskazini ikichafuka, abiria wa daraja la kwanza walibaki majumbani mwao, na meli hizi za gharama kubwa zikalala bandarini huku mabaharia wakilipwa na makaa yakiliwa bure. Ballin akatoa shauri kwamba kama watu hawataki kwenda New York, wapelekwe kwenye jua. Wenzake katika kampuni walimcheka. Nani mwenye akili atatoa pesa ili ateswe na bahari bila ya kuwa na safari?

Tarehe 22 Januari 1891 Augusta Victoria iling'oa nanga Cuxhaven, ina abiria 241, na Ballin mwenyewe pamoja na mkewe Marianne wakiwamo. Walipita Southampton na Gibraltar, wakaenda Genoa, kisha Iskandaria, ambako abiria walishuka kwenda kuiona Kahira na mapiramidi. Kutoka hapo wakafika Yafa, wakateremshwa kwa mashua kwa sababu palikuwa hapana bandari bali miamba na mabaharia hodari wa Kiarabu wa kupiga makasia, wakapanda hadi Baitul Mukaddas. Wakaenda Beiruti, na wengine wakafika Dameski. Wakaenda Stambuli, siku hizo ikiwa mji wa Sultani Abdul Hamid wa Pili. Wakarudi kwa njia ya Athens, Malta, Palermo, Naples na Lisbon. Jumla yake ni karibu miezi miwili. Walipofika nyumbani hapana tena aliyecheka, na mwaka uliofuata safari zikaendelea.

Na tuangalie abiria wale waliishije. Mchana waliishi katika miji ya watu, mingi yao ya Kiislamu, wakisikia adhana na kununua mazulia. Jioni walirudi Ujerumani. Kwani ngazi ya meli ukishaipanda, kila kitu kilikuwa cha kwao: nahodha wao, lugha yao, bendi yao, chakula chao. Katika meli za Wajerumani wahudumu wa meza wa daraja la pili ndio waliokuwa wapiga muziki pia, mtu akiweka sinia chini hushika tarumbeta. Wakati wa chakula ulikuwa mmoja, ishara ikipigwa watu wote huingia. Meza zilikuwa ndefu na viti vimefungwa sakafuni kwa skrubu ili vitikisiko vya bahari visivipeperushe. Ulikaa pale ulipopangiwa, na yule aliyekaa kushoto kwako ndiye jirani yako mpaka mwisho wa safari, umpende usimpende. Jioni ya kitaifa haikuhitajika kuandaliwa, maana kila jioni ilikuwa ya kitaifa.

Watu wetu wa pwani hawahitaji kuelezwa sana maana ya jambo hili. Sisi tulioleleka kwa kula sinia moja, mkono wa huyu karibu na mkono wa yule, twajua kwamba chakula cha pamoja kina adabu zake: humtangulii mkubwa, hunyooshi mkono upande wa mwenzako, huondoki kabla ya wengine. Ulaji ni darasa. Meza ile ya merikebu nayo ilikuwa darasa la namna yake, ingawa waliokuwa wakisomeshwa ni matajiri.

Ballin alikuwa na tabia moja ambayo ningependa wenye mahoteli yetu waisikie. Alisafiri mara kwa mara katika meli zake mwenyewe akiwa na daftari, akiandika kila kasoro. Msaidizi wake Bernhard Huldermann, aliyeandika maisha yake baadaye, amezihifadhi baadhi ya kumbukumbu hizo. Vyombo vya siagi ni vidogo. Taulo ni ndogo. Mito ya vitandani iwe mikubwa zaidi. Mkate wa kubanikwa uletwe ungali moto, umefunikwa kwa kitambaa. Huyu ni mkubwa wa kampuni yenye maelfu ya wafanyakazi, naye anahangaika na mkate uliopoa.

Mwaka 1900 ilishushwa majini Prinzessin Victoria Luise, meli ya kwanza kabisa iliyojengwa kwa ajili ya safari za starehe tu, si ya kuchukua posta wala wahajiri. Ilikuwa na vyumba 120, vyote vya daraja la kwanza. Haikudumu. Tarehe 16 Desemba 1906 ilipanda mwamba karibu na Port Royal, Jamaica. Abiria waliokolewa wote, lakini nahodha wake hakuweza kuikabili fedheha ile, akajitoa uhai.

Kabla ya msiba huo Ballin alikuwa amekwisha fanya lile jambo la pili, ambalo kwa maoni yangu lina uzito zaidi. Alikuwa akivutiwa na hoteli za César Ritz, yule Mswisi ambaye jina lake limekuwa neno la anasa, na hasa Hoteli ya Carlton ya London. Aliona kwamba tajiri akiwa mjini hali kwa kengele. Hukaa kwenye meza ndogo, na watu aliowachagua mwenyewe, saa aipendayo, akaagiza akitakacho na kukilipia. Basi kwa nini akipanda meli apangiwe kiti kama mtoto wa chuoni? Mwaka 1905 HAPAG ikatoa meli iitwayo Amerika, iliyojengwa Belfast, na ndani yake mkawamo mkahawa wa Ritz-Carlton, wenye jiko lake mbali na jiko kuu, chini ya usimamizi wa watu wa Ritz na mpishi mashuhuri wa Kifaransa, Auguste Escoffier. Mwaka 1906 Kaizari Wilhelm wa Pili alipoitembelea meli hiyo, Escoffier mwenyewe aliitwa kusimamia jiko.

Hebu tulitazame jambo hili vizuri. Meli ya Kijerumani, imejengwa na watu wa Ireland, imepewa jina la Marekani, na ndani yake chakula cha Kifaransa kilichosimamiwa na Mswisi aliyefanya kazi Uingereza. Matajiri waliupenda mno mkahawa ule. Waingereza nao wakaiga: meli ya Olympic ya mwaka 1911 na dada yake Titanic ya mwaka 1912 zikawa na mikahawa ya namna hiyo hiyo. (Na hiyo Amerika ndiyo mojawapo ya meli zilizopeleka habari za milima ya barafu siku ya 14 Aprili 1912, siku ile ambayo Titanic iligonga usiku wake.) Tangu hapo meza ya merikebu ikawa mbili: ya wote, iliyomo katika nauli, na ya anayelipa zaidi.

Haitakuwa haki, hata hivyo, kumfanya Ballin mtu wa matajiri peke yao. Mwaka 1892 kipindupindu kiliupiga Hamburg na kuua watu kiasi cha 8,600, na lawama ikatupiwa wahajiri waliotoka Urusi. Ballin akajenga katika kisiwa cha Veddel mabweni makubwa, yaliyofunguliwa mwaka 1901 na kupanuliwa baadaye hadi kuweza kuchukua watu 5,000, wapimwe afya, waoge, walale na kula wakisubiri meli. Palikuwa na kanisa na palikuwa na sinagogi. Kumbi za chakula zilikuwa mbali mbali, Wakristo na yao, Mayahudi na yao, na Mayahudi walikuwa na jiko lao lililofuata sharia zao za kuchinja na kupika. Sisi tusioweza kula kila tunachowekewa mezani twafahamu fadhila ya jiko kama hilo kwa mtu maskini aliye ugenini. Wakosoaji wake husema alifanya hivyo kwa biashara tu, kwani wahajiri ndio waliolipia fahari ya meli zake. Ni kweli pia. Daraja la chini ndilo lililobeba daraja la juu.

Yeye mwenyewe hakuiacha dini ya wazee wake, ingawa mkewe alikuwa Mprotestanti na ingawa kubadili dini kungemfungulia milango mingi. Kaizari alikuwa akija kula nyumbani kwake Hamburg, katika jumba ambalo leo ni taasisi ya UNESCO ya mambo ya elimu. Lakini wakubwa wengi wa Berlin waliendelea kumwona ni mfanyabiashara wa Kiyahudi aliyekaribishwa kupita kiasi.

Meli zake zikazidi kuwa kubwa. Imperator, iliyoanza safari Juni 1913, ilizidi tani 52,000, ikiwa na mkahawa wa Ritz-Carlton, bustani ya ndani yenye mitende, na birika la kuogelea lililojengwa kwa mfano wa majumba ya Kirumi. Ikafuata Vaterland mwaka 1914. Hata huku kwetu mkono wake ulifika, kwani mwaka 1907 HAPAG iliingia katika ushirika na kampuni ya Deutsche Ost-Afrika Linie, ambayo meli zake zilikuwa zikija pwani ya Afrika Mashariki tangu mwaka 1890.

Vita alivichukia, na si kwa upole wa moyo peke yake. Alijua kwamba meli zake ndizo zitakazokufa kwanza. Tangu mwaka 1908, pamoja na tajiri Sir Ernest Cassel wa Uingereza, alijaribu kuwakutanisha wakubwa wa nchi mbili wapunguze ushindani wa manowari, na juhudi hizo zikaleta ziara ya waziri Haldane mjini Berlin mwezi wa Februari 1912. Hazikufaulu. Mwezi wa Julai 1914 alikuwa London tena, akila na kuzungumza na mawaziri wa Kiingereza, na baada ya siku chache vita vikaanza.

Hapo maisha yake yakageuka. Meli zikafungwa bandarini, Waingereza wakaizingira bahari, na Wajerumani wakaanza kukosa chakula. Mtu aliyekuwa akiandika daftarini kwamba mkate uletwe moto, sasa alisaidia kuunda shirika la kununua nafaka na vyakula katika nchi zisizopigana, ili taifa lisife njaa. Haikutosha. Majira ya baridi ya mwaka 1916 na 1917 Wajerumani waliishi kwa kula tanipu, mboga ya kulishia mifugo. Mwaka 1917 Marekani ikaingia vitani, ikaichukua Vaterland iliyokuwa imekwama New York na Amerika iliyokuwa imekwama Boston, ikazifanya meli za kubebea askari.

Mapema Novemba 1918 mapinduzi yaliufikia mji wa Hamburg. Tarehe 9, siku ile ile ilipotangazwa kwamba Kaizari ameacha kiti, Ballin alikufa kwa dawa za usingizi alizomeza kupita kiasi. Wako wasemao alikusudia na wako wasemao moyo wake ulikuwa dhaifu ukashindwa. Hukumu ya hayo si yetu. Alikuwa na umri wa miaka 61. Imperator ilipewa kampuni ya Cunard ikaitwa Berengaria, na ile ya tatu, Bismarck, ikaenda kwa kampuni ya White Star ikaitwa Majestic. Mwaka 1923 HAPAG ilianza kuendesha meli mpya iliyoitwa Albert Ballin kwa heshima yake. Mwaka 1935 utawala wa Hitler ukalifuta jina hilo kwa kuwa ni la Myahudi, meli ikaitwa Hansa.

Ama zile desturi, ziliishi zaidi yake. Karamu ya nahodha, ambapo taa huzimwa na wahudumu huingia kwa maandamano wakiwa na aiskrimu iliyofunikwa povu la mayai, juu yake vijiti vya fataki vinawaka, ilikuwa ndiyo kilele cha safari kwa Wajerumani wengi, na mchezo wao wa televisheni ulioanza mwaka 1981 kuhusu meli ya ndoto uliieneza zaidi. Ziliendelea pia asubuhi za Kibavaria zenye ngoma, bia na soseji, mambo ambayo msomaji wetu hayamhusu. Meli za Kiholanzi, ambazo wahudumu wake ni Waindonesia na Wafilipino, zilikuwa na usiku wa mabaharia hao kucheza ngoma za kwao na kuvaa batiki zao mbele ya abiria. Huo mimi nauona ulikuwa na ukweli kuliko usiku wa Kiholanzi wenyewe, kwa sababu waliokuwa wakiimba ndio walioiacha nchi yao.

Haya ndiyo yanayofifia, na sababu zake si za siri. Mwaka 2000 kampuni moja ya Marekani, Norwegian Cruise Line, ilitangaza mtindo wa kila mtu kula atakapo na saa atakayo, bila kiti cha kupangiwa, na wengine wakafuata. Meli kubwa ya leo, kama Icon of the Seas iliyoanza mwaka 2024, yaweza kuchukua abiria zaidi ya 7,000. Huwezi kuwaita kwa kengele moja. Mabaharia wake hutoka nchi nyingi, bendera yake ni ya Bahamas, na mikahawa yake mingi mizuri ina malipo ya ziada. Ukiitazama utaona ni ule mkahawa wa mwaka 1905 uliozaa na kujukuu mpaka ukaijaza meli nzima.

Hamburg haikumsahau moja kwa moja. Barabara ile ilipewa jina lake mwaka 1947. Kule Veddel, mwaka 2007, lilifunguliwa jumba la makumbusho liitwalo BallinStadt, katika majengo yaliyojengwa upya kwa mfano wa mabweni yale ya wahajiri. Na HAPAG iliungana na mshindani wake wa Bremen mwaka 1970, ikawa Hapag-Lloyd. Makasha yake ya rangi ya chungwa huonekana pia Kilindini. Meli zinazoyaleta hazina abiria wala bendi, zina mabaharia ishirini na kitu hivi, na chumba kimoja cha kulia.